Rangi ya Kudumu kwa Gari la Porini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa na wenye pikapu na magari ya porini kabla hawajaniachia funguo. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu nikiwa na msasa mkononi: kwa kirefu pale penye kazi, kwa kifupi pale pasipo na la kuongeza.

Rangi ipi inadumu kuliko zote?

Kabla ya kujibu, mimi huuliza: gari lako linaumizwa na nini? Mawe yanayorushwa na matairi hupiga madigadi, vizingiti vya milango na sehemu ya chini ya milango yenyewe. Matawi na miiba huchora ubavu mzima, kutoka taa za mbele hadi za nyuma. Jua hula boneti na paa. Maji ya matope hujificha kwenye mikunjo ya bati ambako jicho halifiki.

Hakuna mpako mmoja unaowamudu maadui wote hao wanne. Mpako mzito wenye kunesa kidogo hulimeza pigo la jiwe, lakini ukichorwa na mwiba huwezi kuung'arisha. Rangi ngumu inayometa huondolewa mikwaruzo kwa polishi, lakini jiwe likiipiga sawasawa hutoka kipande. Ndiyo maana mimi huligawa gari. Theluthi ya chini huipa bedilaina, yaani ule mpako mzito wenye chembechembe unaopulizwa sehemu ya mizigo ya pikapu. Juu hubaki na rangi ya sehemu mbili, yaani ile inayochanganywa na dawa ya kuigandisha, na klia yake, lile koti la juu lisilo na rangi. Bampa, keria na vyuma vingine vya kufungwa na kufunguliwa hupata zinki au rangi ya unga ya kuokwa. Na popote bati lilipobaki tupu, praima ya epoksi, yaani mpako wa kwanza wa kushika bati, hutangulia.

Kuna kipimo kingine ninachokipa uzito kuliko ugumu: ikiumia, utaweza kuitengeneza? Gari la porini litaumia tu. Rangi unayoweza kuiziba mwenyewe jioni hiyohiyo, kabla unyevu haujafika kwenye bati, italilinda gari miaka mingi kuliko rangi ngumu ambayo ikipasuka unaingoja fundi miezi mitatu.

Kwani rangi ya kiwandani ina kasoro gani?

Haina kasoro, ni nyembamba tu kuliko watu wanavyodhani. Gari likitoka kiwandani bati lake huwa limesafishwa kwa kemikali, mara nyingi lina zinki, kisha limezamishwa kwenye praima inayovutwa na umeme hadi kwenye kona zote za ndani. Juu yake huja praima ya pili, rangi yenyewe, halafu klia. Tabaka zote hizo kwa pamoja kwa kawaida ni mikroni 100 hadi 150 (mikroni 1,000 ni milimita moja). Unywele wa binadamu una kama mikroni 70, kwa hiyo kinachotenganisha bati lako na hewa ni unene wa nywele mbili.

Ile praima ya kuzamishwa ndiyo hazina ya gari, na hakuna gereji inayoweza kuirudisha ikishaondolewa. Kwa hiyo kama rangi ya kiwandani bado imeshika, usimruhusu mtu aikwangue hadi bati ati ili "aanze upya". Isuguliwe iwe na makwaruzo ya kushikia, basi. Bati lifunuliwe pale tu penye kutu au rangi iliyoachia.

Mikwaruzo ya matawi inaondoka kwa polishi?

Pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukipita bila kukwama, mkwaruzo uko kwenye klia na polishi itautoa. Ukikwama, umeingia ndani, na polishi itapunguza tu makali yake. Kumbuka kwamba klia huwa na mikroni 35 hadi 50 hivi na kila polishi huila kidogo. Ukisafisha gari kwa mashine ya polishi baada ya kila safari, siku moja utaona mabaka meupe yanayokauka na kutoka magamba, hasa kwenye paa na boneti. Hapo klia imekwisha na dawa ni kupuliza upya. Mimi huwashauri watu wavumilie mistari myembamba na wang'arishe mara chache.

Rangi ya sehemu moja na ya sehemu mbili zinatofautianaje?

Ya sehemu moja hukauka kwa thina kuruka hewani. Ya sehemu mbili huchanganywa na hadna, ile dawa ya kuigandisha, na hukauka kwa kemia: molekuli hushikana na kuwa wavu mmoja. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe thina, kisugue juu ya rangi iliyokwisha kukauka, mahali pasipoonekana. Rangi nyingi za sehemu moja zitalainika na kukipaka kitambaa rangi. Ya sehemu mbili iliyokomaa itabaki ilivyo. Kwa gari linalomwagikiwa dizeli wakati wa kujaza kutoka kwenye dumu, tofauti hiyo si ndogo.

Makopo ya kupuliza ya kawaida ni ya sehemu moja. Yanafaa kuziba jeraha, hayafai kuwa rangi ya gari zima.

Niambie ukweli kuhusu bedilaina. Nipige gari zima?

Unaweza, na wapo wanaofanya hivyo na kufurahi. Ila ujue unachokinunua.

Ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya poliurethani, kama Raptor, ambayo fundi yeyote mwenye kompresa na bunduki yake anaweza kuipuliza bila joto. Ya pili ni ya poliurea au mchanganyiko wake, kama Line-X, ambayo hupulizwa na mtambo maalumu kwa joto na shinikizo kubwa na huanza kuganda ndani ya sekunde chache. Hiyo ya pili ni nene na hustahimili mapigo zaidi, lakini ikiumia huwezi kuitengeneza kwa kopo lililoko kwenye boksi la vifaa. Ya kwanza unaweza: unasugua, unasafisha, unapuliza kidogo, na kwa sababu ina chembechembe, kiraka hakionekani kama kinavyoonekana kwenye rangi laini.

Halafu kuna suala la jua, ambalo wauzaji wengi hulipita haraka. Kemia ya mpako ikiwa ya kundi liitwalo aromatiki, jua litaugeuza rangi na kuutoa unga wa chaki. Ya kundi la alifatiki huhimili jua vizuri. Kwa sehemu ya ndani ya pikapu inayofunikwa turubai, aromatiki inatosha. Kwa boneti, dai alifatiki, au angalau koti la juu la kuzuia jua. Neno hilo huandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa; ikaguliwe kabla ya kulipa.

Uzito nao upo. Pikapu yenye eneo la nje la mita za mraba 20, ukiipaka unene wa milimita moja, umeibebesha lita 20 za mpako uliokauka, yaani zaidi ya kilo 20. Sehemu kubwa ya uzito huo ikiwa paani, si jambo la kufurahia kwenye mteremko wa kuegemea upande. Unene huohuo kwenye kingo za milango hula nafasi ya kufungia: nimeona mlango unaosugua nguzo kila ukifungwa, na baada ya wiki chache ukingo ukabaki bati tupu. Fundi mzuri huziba kingo kwa utepe na kuzipiga rangi ya kawaida.

Na matope hukaa kwenye zile chembe. Huwezi kulifuta gari kwa kitambaa. Utahitaji brashi laini, sabuni na maji mengi. Zaidi ya yote, siku ukichoka nayo, kuitoa ni adhabu: ni kukwangua kwa mashine paneli moja baada ya nyingine. Kwa sababu hizo mimi hupendekeza theluthi ya chini, ndani ya sehemu ya mizigo, na matao ya magurudumu.

Bedilaina huzuia kutu?

Huzuia kutu mpya kama imeshika kila mahali. Kutu ya zamani huificha, na kutu iliyofichwa hufanya kazi yake kwa utulivu.

Niliwahi kuletewa pikapu iliyokuwa imepigwa bedilaina kwingine, vizingiti vyote viwili, vyeusi, vimenyooka, vinapendeza. Mwenyewe alilalamikia tu kibonge kidogo chini ya mlango wa dereva, kama ukubwa wa punje ya mahindi. Nikagonga kwa mpini wa bisibisi: huku mlio wa bati, sentimita kumi mbele mlio mzito kama wa ubao ulioloa. Nikaingiza ncha ya kwangulio kwenye kile kibonge na kuinua. Mpako ukanyanyuka mzima, kama ganda la chungwa, urefu wa mkono. Upande wake wa ndani ulikuwa unang'aa. Ulikuwa umepigwa juu ya rangi laini ambayo haikuguswa na msasa. Chini yake maji yalitoka, kisha magamba ya kahawia, kisha kidole changu kikaingia ndani ya kizingiti. Matundu ya kutolea maji yote yalikuwa yamezibwa na mpako uleule.

Bidhaa haikuwa na kosa. Makosa yalikuwa mawili: hakuna msasa, na matundu yakazibwa. Kabla ya kupuliza chochote sehemu za chini, tafuta kila tundu la maji, liweke kijiti cha mbao au plagi, na ulifungue kabla mpako haujakauka.

Maandalizi sahihi yakoje?

Hapa ndipo pesa na siku zako zinapaswa kwenda. Kazi ya kupuliza ni saa chache. Kazi ya kuandaa ni siku.

Anza kwa kuosha, kisha toa mafuta kwa dawa yake, *halafu* piga msasa. Ukipiga msasa kwanza unayasukuma mafuta na nta ndani ya makwaruzo. Mafuta yenye silikoni, yale ya kung'arishia dashibodi na matairi, ndiyo mabaya kuliko yote: hufanya rangi ikimbie na kuacha vishimo vya duara.

Jaribio langu ni la maji. Mwaga maji safi juu ya paneli. Yakitandaa kama shuka na kubaki hivyo, paneli ni safi. Yakijikusanya matone, bado kuna mafuta, rudia.

Kutu itolewe hadi bati jeupe, pamoja na vile vidoti vyeusi vilivyojificha ndani ya vishimo, kwa kupiga mchanga au kwa brashi ya waya na kemikali ya kutu. Bati tupu lisilale usiku bila praima. Msasa wa namba 80 hadi 180 kwenye bati, kisha praima ya epoksi, kwa sababu epoksi hushika bati na kulifungia unyevu nje. Fila, yaani lile bandiko la kusawazishia mabonde ya bati, iwe juu ya epoksi, si chini yake: fila hunyonya maji kama sifongo. Kabla ya rangi laini, malizia na namba 600 hadi 800. Kabla ya bedilaina, namba 180 hadi 240 inatosha, maana yenyewe inataka makwaruzo makubwa ya kushikia. Epoksi haipendi jua, kwa hiyo usiliendeshe gari miezi mingi likiwa na praima tupu.

Gari langu lina bodi ya aluminiamu. Kuna tofauti?

Kubwa. Land Rover za kwanza za 1948 zilitengenezwa kwa aloi ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, na Ford F-150 ilihamia bodi ya aluminiamu kwa toleo la 2015. Aluminiamu haifanyi kutu ya kahawia, lakini hutoa unga mweupe unaoinua rangi kwa malengelenge. Balaa huwa pale bolti ya chuma inapogusana nayo na maji ya chumvi yakawepo: aluminiamu ndiyo inayoliwa. Tenganisha metali hizo kwa washa za plastiki au gundi ya kuzibia. Tumia praima iliyoandikwa kuwa inafaa aluminiamu, na uipulize mapema baada ya msasa, maana aluminiamu huvaa ngozi ya oksidi upya mara moja. Msasa na brashi vilivyotumika kwenye chuma visiguse aluminiamu. Vumbi la chuma likipandikizwa humo huanzisha ulaji.

Je, stika ya gari zima au filamu ya kinga?

Stika ya vinili, pamoja na gundi yake, ni nyembamba, kama mikroni 100. Hubadilisha rangi, huzuia mikwaruzo midogo, na siku ya kuuza gari unaibandua. Tawi gumu huichana, na ikichanika ukingoni maji na vumbi huingia chini yake. Boneti na paa huchoka mapema kuliko ubavu kwa ajili ya jua.

Filamu ya kinga ya poliurethani ni kitu kingine: ina mikroni 200 hivi, inanyumbuka, na nyingi kati yake mikwaruzo midogo hujifunga yenyewe ikipata joto la jua au maji moto. Kama unataka kulinda rangi nzuri ya kiwandani na una uwezo, weka filamu mbele, kwenye madigadi, na kwenye ubavu unaopita vichakani. Zote mbili zinataka rangi iliyoshika chini yake. Ukiiweka juu ya rangi iliyoachia, siku ya kuibandua itaondoka na rangi.

Na mpako wa seramiki juu ya rangi?

Hurahisisha kuosha na husaidia dhidi ya kinyesi cha ndege na utomvu. Ni tabaka la mikroni moja au mbili. Halizuii jiwe, halizuii mwiba.

Bampa, keria na vyuma vya pembeni vipigwe nini?

Rangi ya unga huokwa kwenye tanuri, kwa kawaida nyuzi 180 hadi 200, na hutoka ngumu na nzuri. Udhaifu wake ni mmoja: ikitobolewa na jiwe juu ya chuma kisicho na zinki, kutu hutembea chini yake bila kuonekana mpaka inyanyuke kama gamba. Dai praima ya zinki chini yake. Kwa vyuma vya kulinda vizingiti, vinavyoburuzwa juu ya miamba kila safari, mimi sipendi rangi ya unga kabisa. Chovya kwenye zinki, au piga rangi nyeusi ya kawaida isiyometa utakayoirudia kwa brashi kila mara.

Uchovyaji wa zinki hufanyika kwenye zinki iliyoyeyushwa kwa nyuzi 450 hivi. Zinki hujitoa mhanga: mkwaruzo ukifika kwenye chuma, zinki ya jirani huliwa kwanza na chuma hupona. Bomba lililofungwa pande zote litobolewe matundu kabla ya kuchovywa, maana hewa na unyevu vilivyofungiwa ndani hulipuka.

Chini ya gari?

Nta ya mashimo ndani ya chesi na vizingiti, na nta au grisi ya lanolini (mafuta ya sufu ya kondoo) nje. Hubaki laini, hutambaa hadi kwenye nyufa, na hurudiwa kila mwaka. Lami na mipira migumu inayopakwa kama undakoti hupendeza mwaka wa kwanza. Ikishapasuka hushikilia maji dhidi ya chuma.

Rangi gani huficha mikwaruzo na vumbi?

Nyeupe, mchanga, kijivu chepesi. Mkwaruzo kwenye klia huonekana mweupe, kwa hiyo hupotea juu ya rangi nyepesi na hupiga kelele juu ya nyeusi. Nyepesi pia hupata joto kidogo juani. Rangi isiyo na metaliki, yaani zile chembe za metali zinazometameta, ni rahisi zaidi kuifananisha wakati wa kiraka, na hilo kwangu linatosha kuichagua. Rangi isiyometa inavutia, lakini haing'arishwi: ukiisugua, pale huota kung'aa, na paneli nzima hupulizwa upya.

Rangi nene inaweza kusumbua sensa?

Ndiyo. Magari mapya huwa na rada na sensa za kuegesha nyuma ya bampa au ndani yake, na mpako mzito au wenye chembe za metali unaweza kuzipofusha. Ziba sensa kwa utepe kabla ya kupuliza na usipake bedilaina mbele ya rada. Plastiki ya bampa nayo inataka dawa yake ya kushikisha kwanza, la sivyo rangi itatoka kama ngozi ya nyoka.

Ninaweza kupuliza mwenyewe nyumbani?

Kusugua, kusafisha na kupaka nta, ndiyo, na ninakuhimiza. Kupuliza bidhaa yenye hadna, nisikilize kwa makini. Hadna nyingi zina isosianeti, kemikali inayoweza kukupa pumu ya maisha. Mwili ukishaikataa, hata kiasi kidogo sana hukubana kifua, na pua haikuonyi: unaweza kuwa unaivuta bila kusikia harufu. Kinachotakiwa ni barakoa ya kuletewa hewa safi kwa bomba, glavu, nguo ya mwili mzima, na watu wengine wakae mbali. Barakoa ya vumbi haisaidii chochote hapo. Mafundi wazuri wameiacha kazi hii mapema kwa ajili ya mapafu, na inaniuma kila ninapomwona kijana anapuliza akiwa amejifunga leso usoni.

Kama vifaa unavyo, subiri pia hali ya hewa: bati liwe na joto walau nyuzi tatu juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewani huanza kugeuka matone, maana unyevu usioonekana juu ya bati huifanya rangi iachie baadaye.

Baada ya kazi, niende porini lini?

Kukauka kwa kugusa si kukomaa. Rangi nyingi za sehemu mbili huhitaji kama wiki moja ya joto la kawaida. Nta ya juu isubiri mwezi.

Nitajuaje kama fundi amefanya kazi yake?

Mwombe, kabla hajagusa gari, aandae kibamba cha bati kwa hatua zilezile na bidhaa zilezile atakazotumia. Kikishakomaa, fanya jaribio la mikato ya mraba linaloelezwa na kiwango cha ISO 2409: kwa wembe mkali chora mistari sita, kisha sita inayoikata, upate viraba 25. Nafasi ya milimita mbili inafaa rangi ya mikroni 61 hadi 120. Ikiwa nene zaidi, hadi 250, tumia milimita tatu. Bandika utepe wenye gundi nzuri, ukandamize, uvute. Daraja la 0 ni viraba vyote kubaki. La 5 ndilo baya kuliko yote. Kwa bedilaina nene mikato hiyo haifai. Chora alama ya X hadi kwenye bati na ujaribu kuinua ncha ya kati kwa kisu.

Kibamba kikifaulu, kiandike majina ya bidhaa na namba ya rangi mgongoni, ukiweke garini. Siku ya kiraka utajaribia rangi juu yake kabla ya kuugusa mlango.